Picha Iliyotikisika ya Fundi Tulia

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Fundi Tulia, na wewe uliyekuwa ukiwaambia watu watulie umetuacha hatuna utulivu hata wa kunywa chai ikiwa bado moto.

Kwanza ujue anayeandika tangazo hili la kumbukumbu gazetini. Kikao cha familia kilifanyika sebuleni kwa mkeo, kikampa kalamu dada yako mkubwa, yule fundi cherehani wa mlango wa tatu, kwa sababu eti ndiye mwenye maneno. Amekubali kwa sharti. Pale sote tunapokubaliana ataandika "sisi", na pale tusipokubaliana ataandika lake. Mwenyewe atajitaja kama "dada yako", kama ilivyo desturi ya matangazo ya heshima, na wanaomjua watamvumilia.

Hukutulia tangu tumboni. Mama anasema ulimpiga mateke mpaka akawa analala amekaa. Ukubwani ukawa kiguu na njia: asubuhi kipaimara, mchana mahafali, jioni harusi, begi bega la kulia, begi bega la kushoto, na stendi ya kamera umeibana kwapani. Hata ukija kula kwa dada yako ulikuwa unakula umesimama, sahani mkononi, unatazama mwanga unavyoingia dirishani. Jina la Tulia hukupewa na wazazi. Ulipewa na wateja, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia zaidi wakiwa mbele yako. Ulikuwa ukilisema huku unaruka huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tunakumbuka studio yako, chumba kimoja na pazia, mlango wa kwanza katika ile korido ya chini. Mlango wa pili ni wa mtengeneza saa, na wa tatu ni wa dada yako. Tunakumbuka msumari liliponing'inia koti la pasipoti. Dada yako alilishona yeye: mbele koti kamili la suti, nyuma limepasuliwa na kufungwa kwa kamba, limkae mnene na mwembamba. Aliyekuja na fulana ya kazini ulimvika koti hilo, ukamchana nywele kwa kitana chako mwenyewe, ukampa heshima ambayo pengine alikuwa hajapewa wiki nzima. Nusu ya watu wa mtaa huu wamesafiri wakiwa ndani ya koti moja. Bibi kizee wa ghorofa ya nne, ambaye miguu ilimkatalia ngazi, ulimpandia na taa zako zote. Na alipokuuliza kama sura yake bado inafaa kupigwa picha, ulimjibu kwamba inafaa sana, ni wewe tu uliyechelewa kufika.

Halafu daktari akasema presha yako ni ya mtu anayekimbizwa. Akakuamuru upunguze mbio na utembee taratibu kila asubuhi. Mkeo akasema hutatembea taratibu labda ufungwe kamba, na hakujua anatabiri. Wiki hiyo hiyo uliitwa kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, uwapige picha mbwa wanaotafutiwa makao. Ulikwenda kupiga mbwa kumi na wanne, ukarudi na mmoja aliyetafuna mkanda wa kamera yako.

Uliingia kwa dada yako akiwa ameinamia pindo, pini mdomoni, ukatangaza kwamba umepata mtoto. Alitoa pini moja moja, akasimama, akaanza kumshukuru Mungu na kuuliza wifi yake alifichaje tumbo muda wote huo. Ndipo ukamalizia sentensi: mtoto wa mbwa. Alidhani unamtukana. Shuleni tulifundishwa kwamba mtoto wa mbwa huitwa kilebu, tukapata alama, tukasahau, kwa hiyo mtaani tukabaki na lile neno la matusi. Siku ya tatu dada yako alipaza sauti koridoni kukuuliza kama mtoto wa mbwa ameshakula. Mteja mmoja wa mtengeneza saa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafungua chakula chake, alikifunika akaondoka.

Ukampa jina Kivuli, kwa kuwa alikufuata mpaka chooni. Dada yako alikuuliza mpiga picha gani mwenye akili anafuga kivuli, wakati maisha yake yote amekuwa akivifukuza. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Samaki mkunje angali mbichi, ukasema, na ukampeleka shule. Kila Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa mpira, kulikuwa na mwalimu wa mbwa, mama mfupi aliyestaafu kufundisha mbwa wa walinzi, mwenye filimbi shingoni na uso usiojua mzaha. Somo la kwanza lilikuwa fupi. "Neno moja, kazi moja," alisema. "Ukichanganya maneno, umemchanganya mbwa."

Hapo ndipo ulipokwama, na ni kosa ambalo wenye lugha yao tu ndio wangelifanya. Neno lako lilikuwa "kaa". Sasa, neno hilo kwetu halina likizo. Mtu hukaa kitini, hukaa mjini, hukaa na mgonjwa, hukaa kimya, na gauni likimfaa bibi harusi dada yako husema limemkaa. Mwalimu alikutaka uchague: "kaa" iwe ya kuweka makalio chini, na "baki" iwe ya kutoondoka. Uwanjani ulikubali. Ukirudi studio ulikuwa na miaka ishirini ya kuwaambia wateja "kaa" ukimaanisha yote mawili, na "baki" ikapotelea njiani. Kivuli akajifunza alichokisikia. "Kaa" kwake ikawa kukaa na kubaki, bila mwisho, mpaka lije lile neno lako la kumwachilia mteja baada ya kamera kulia: "Imeingia."

Tulikuja kuligundua hilo siku ya mkuu wa shule. Alikuja kupiga picha ya pasipoti, ukamvika koti, ukasema kaa, wakakaa wawili. Ukasema kidevu juu, vikapanda videvu viwili. Mkuu wa shule alijikaza asicheke, kwa kuwa pasipoti haitaki kicheko, na Kivuli naye akakaza macho mbele kama anayeapishwa. Uliposema imeingia, mmoja alishusha pumzi na mwingine akamrukia mapajani. Mwalimu wa mbwa alipopata habari alikwambia mbwa hana tatizo lolote, anayehitaji kurudia darasa ni wewe. Nyumbani nako mkeo akawa hawezi kumwambia mgeni karibu, kaa, bila Kivuli kuketi katikati ya mlango na kuganda hapo, wageni wakimruka.

Lakini jambo moja lilitokea, na hapa sote tunakubaliana. Ili kumfundisha mbwa kutulia, ilibidi wewe utulie. Zoezi lilikuwa hivi: Kivuli anakaa juu ya kile kitambaa cheupe cha picha, wewe unarudi nyuma hatua moja, unasimama, unahesabu kimya, unamrudia, unasema imeingia. Kesho hatua mbili. Mkeo alifungua pazia mara ya kwanza akakuona umesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, dakika tatu nzima hufanyi kitu, akadhani unaumwa. Kisha akafunga pazia polepole, akakaa upande wa pili akitabasamu. Alimwambia dada yako kwamba katika miaka kumi na saba ya ndoa hajawahi kukuona wote kwa pamoja, mwili na akili, mahali pamoja.

Kwa miezi minne tulikuwa na mtu mpya. Ulitembea kila asubuhi, kamba mkononi, ukivutwa mpaka kwenye nguzo zote za umeme. Ulianza kula umekaa. Ukakataa harusi mbili kwa siku moja, jambo ambalo liliwatisha hata maharusi. Na ukapata tamaa ambayo hukuwa nayo kabla: ulitaka picha yako. Wewe na Kivuli, mmekaa juu ya kitambaa, itundikwe mlangoni mwa studio. Binti yako alidhani unatania, maana tangu azaliwe hakuwahi kukuona mbele ya kamera.

Ikawa kazi. Rimoti ya kamera Kivuli alishaitafuna siku nyingi. Ikabaki kuitegesha kamera ijihesabie sekunde kumi, wewe ubonyeze kisha ukimbilie kitambaani. Ukikimbia tu, Kivuli alijua mchezo umeanza, akainuka akukimbilie. Ulihitaji kidole cha mtu.

Jumamosi moja asubuhi ulimwita dada yako. Alikuja na futi ya kupimia shingoni na uso wa haraka. Ofisini kwake kulikuwa na bibi harusi amesimama juu ya stuli, gauni limejaa pini, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Dada, naomba kidole chako kimoja tu," ulimwambia. "Bonyeza hapa, basi."

"Baadaye. Nina mtu amesimama juu ya stuli."

"Dakika moja."

"Dakika zako nazijua," alisema, na akatoka.

Nyuma yake alisikia kamera ikihesabu, ti, ti, ti, akajua umeamua kujaribu mwenyewe. Hakugeuka. Haraka haraka haina baraka, na methali hiyo ameibandika ukutani kwake mwenyewe, juu ya cherehani, kwa ajili ya wanafunzi wa ushonaji. Baadaye ile haikuja. Zipu ya gauni ilikatika, kisha ikawa harusi yenyewe, Jumatatu zikaja sare za shule, Jumanne umeme ukakatika.

Jumatano saa tatu asubuhi ulimwambia Kivuli kaa, ukaanza kurudi nyuma. Mkeo alikuwa upande wa pili wa pazia akikata picha za kitambulisho, na alikuwa akizisikia hatua zako, kwa kuwa ulikuwa ukizihesabu kwa sauti. Ulifika ya kumi na moja. Ya kumi na mbili hakuisikia. Alipofungua pazia ulikuwa umeketi chini, mgongo ukutani, mkono kifuani, na Kivuli ameketi pale pale juu ya kitambaa, masikio juu, akidhani ni sehemu ya somo.

Dada yako alisikia jina lako likiitwa, akaja mbio pini zikiwa mdomoni. Mtengeneza saa alitafuta gari. Mkeo alikushika uso akakuambia kaa, kaa nasi, usiende popote, na dada yako akasema hivyo hivyo, kaa, mdogo wangu, kaa. Tulilisema neno hilo njia nzima mpaka hospitali. Wewe peke yako ndiye uliyeshindwa kulitii, na tumekukasirikia kwa hilo, tusifiche. Kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda.

Saa tisa alasiri binti yako alirudi studio kuchukua funguo. Kivuli alikuwa bado juu ya kitambaa. Alikuwa amejilaza, amejikojolea, lakini kitambaani hakutoka. Akamwambia njoo. Akamwambia haya, basi, toka, twende. Akamvuta kwa ukosi, na mbwa akajifanya mzito. Ndipo alipokumbuka. Aliinama, akajaribu kuifanya sauti yake iwe nene kama yako, akasema, "Imeingia." Kivuli aliruka, akampita, akakimbilia mlangoni, akachungulia korido upande huu na upande ule. Binti yako alikaa chini akalia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyolia siku ile.

Sasa tufike kwenye jambo lililomnyima dada yako usingizi.

Siku ya kukuzika ilihitajika picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tulitafuta. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mpiga picha hajipigi. Kwenye picha za sherehe zote za familia wewe ulikuwa kivuli kilicholala chini mbele ya watu, chenye viwiko viwili vimeinuliwa. Picha ya harusi yako mwenyewe inamwonyesha mkeo ameketi vizuri na maua, na kando yake kiti kitupu na kisigino cha kiatu, kwa kuwa uliinuka kwenda kumrekebishia mpiga picha taa yake. Mwishowe tulikuza picha ya kitambulisho chako cha zamani, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye masikio makubwa, na nusu ya mhuri imekatiza shavuni. Watu walipita wakaitazama wakainamisha vichwa kwa heshima, na dada yako alisikia mmoja akinong'ona kumuuliza mwenzake huyu ni mtoto wa marehemu au ni nani.

Dada yako aliapa kwamba kumbukumbu ya mwaka haitatoka na mhuri shavuni. Hakuwaambia wengine sababu kamili. Sababu ilikuwa kidole kimoja. Ulimwomba kidole, akakunyima, na kwa hiyo mtu aliyewapiga picha watu wa mtaa mzima ameingia kaburini bila picha ya uso wake wa kiutu uzima. Hesabu hiyo aliifanya peke yake, na kila alipoketi kwenye cherehani aliifanya upya, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akakuta ameshona mkono wa kulia upande wa kushoto. Wanafunzi wake wakaanza kumwogopa.

Mwaka mzima alitafuta. Alipiga hodi kwa maharusi wote aliowahi kuwashonea, akafungua albamu zao, akatafuta nyuma ya wageni. Alipata bega lako. Alipata nusu ya kisogo kwenye kioo cha saluni. Mama yetu alimwambia apumzike, mtu hakumbukwi kwa karatasi, lakini mama mwenyewe alikuwa hapumziki. Alihamia kwa mkeo kwa wiki moja, akakaa mwaka, na kila siku anapanga upya vyombo vilivyopangwa. Mkeo naye ameisogeza meza ya studio pembe zote nne. Kivuli ndiye usiseme. Amekuwa mbwa mzima sasa, miguu mirefu, na siku nzima ni mlangoni, kitambaani, mlangoni, kitambaani.

Kitu kimoja tu studio hakikusogezwa. Kamera yako ilikuwa pale pale juu ya stendi, imeelekea kitambaa, kama ulivyoiacha. Mkeo alikataa isiguswe. Dada yako alisema ndani ya kamera huenda kuna kitu, mkeo akasema iacheni. Walikuja kukorofishana, wifi na wifi, wakanuniana wiki mbili, salamu zikawa zinapitishwa na binti. Mwisho mkeo alimfuata dada yako dukani, akafunga mlango.

"Wifi, wewe unataka kujua kama kuna picha," alisema. "Mimi naogopa kujua kama hakuna. Ikifunguliwa ikakutwa tupu, basi ndiyo imekwisha. Nitakuwa sina pa kutegemea tena."

Dada yako alimshika mkono. Kisha alimwambia mkeo habari ya kidole. Mkeo alisikiliza, akafuta macho, akatoa ufunguo wa studio mfukoni. Alisema basi twende tukajue, sisi sote.

Betri ilikuwa imekufa. Binti yako aliichaji kwa saa mbili, na sisi watatu tukangoja kwenye benchi la wateja. Mkeo alikuwa akivuta uzi wa kitenge chake mpaka dada yako akampiga kidogo mkononi kwa kuharibu nguo.

Picha zilikuwa arobaini na moja. Kitambaa kitupu na mkia unaotoka pembeni. Matako yako, ukimfukuza mbwa. Kivuli akiwa angani. Mkono wako na rimoti iliyotafunwa, umeishika kama kielelezo cha mahakamani. Kiatu. Kivuli amekaa vizuri na wewe hujafika, umekatwa kichwa. Binti yako alizipitisha moja baada ya nyingine, tukacheka mpaka mtengeneza saa akaja kugonga kuuliza kuna nini. Ila kila kicheko kilipoisha tulihesabu zilizobaki, na uso ulikuwa haujaonekana.

Ya arobaini na moja ilikuwa ya mwisho. Kivuli ameketi katikati ya kitambaa, ametulia, kila unywele unahesabika, macho yamekaza mbele kama siku ya mkuu wa shule. Hakuna mbwa duniani aliyewahi kukaa vile. Wewe uko kando yake, umeketi chini, umekunja miguu, na umetikisika. Uso unaonekana nusu: jicho moja, shavu lililojaa kicheko, meno. Mkono wa kulia umeinuliwa na umeyeyuka, umebaki ukungu hewani.

Mkeo alitoa sauti ambayo hatuwezi kuiandika. Alisema ndiye, kisha akasema ameiharibu, tazama, mbwa katulia yeye katikisika, na akawa analia na kucheka.

Binti yako aliisogeza picha karibu na macho. "Baba anapunga mkono," alisema. "Lakini anampungia nani? Nyuma ya kamera hapakuwa na mtu."

Kamera huandika siku na saa. Iliandika Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili. Na nyuma ya kamera, moja kwa moja, ndipo ulipo mlango. Binti alimgeukia shangazi yake, akaona uso wake, akamsogezea kamera.

Karani wa matangazo wa gazeti alipoipokea picha alipiga simu. Kwa adabu kabisa alieleza kwamba picha imetikisika, uso wa marehemu hauko wazi, anayeonekana vizuri ni mbwa, na msomaji anaweza kuuliza tangazo ni la nani kati ya hao wawili. Akaomba kama tunayo nyingine, hata ya kitambulisho. Dada yako alimwambia asubiri, akampelekea mama simu na picha. Mama aliishika mbali, kama wanavyofanya wazee, kisha karibu.

"Mwambie aitoe hiyo hiyo," mama alisema. "Huyo ndiye niliyemzaa. Yule wa mhuri simjui."

Kwa hiyo ndiyo mnayoiona hapo juu, wasomaji, na kosa si la gazeti.

Hapa dada yako anaomba ruhusa ya kikao aseme "mimi" mara moja, kisha atarudisha kalamu.

Mdogo wangu, mwaka mzima nilidhani kosa langu ni kidole. Kumbe picha uliipata bila kidole changu. Ulifika kitambaani taratibu kama ulivyofundishwa, mbwa akatulia kama alivyofundishwa, na kwa mara ya kwanza kila kitu kilikuwa tayari. Ungetulia sekunde moja tu, ungeipata picha uliyoitaka. Sekunde hiyo ukaniona natoka nimekasirika, ukainua mkono kuniaga. Picha yako uliiharibu kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimekupa mgongo. Jana niliingia studio, nikasimama kidogo mbele ya kitambaa, nikatoka. Nilipofika mlangoni niligeuka, nikapunga mkono. Sijali kwamba mtengeneza saa aliniona.

Unakumbukwa na mama yako mzazi; mkeo mpenzi; binti yako, ambaye sasa ndiye anayeshika ile kamera na anayewaambia wateja imeingia; dada yako mkubwa; mtengeneza saa wa mlango wa pili na majirani wote wa korido; mwalimu wako wa mbwa, aliyeomba iandikwe kwamba ulifaulu; na Kivuli, ambaye karani hakutaka tumweke kwenye orodha ya ndugu, tukamweka.

Tutakukumbuka daima, Fundi, hivyo hivyo ulivyo, umetikisika.